Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu na viongozi wa mtaa mliofika, salaam.

Shughuli za kawaida mnazijua. Paa la ukumbi wetu limezibwa upande wa jukwaa, viti 60 vimenunuliwa, jenereta imetengenezwa. Ukumbi umepokea harusi, kicheni pati, vikao vya kamati za harusi, semina na mikutano ya wakazi, ambayo hatuitozi. Makusanyo ni shilingi milioni 14 na laki 6, matumizi milioni 11 na laki 9, umeme wa LUKU, maji na mlinzi vikiwamo. Mhazini atasoma mchanganuo.

Nije kwenye suala la kianzio, yaani malipo ya awali ya kushika tarehe ya ukumbi, maana limesemwa sana, na kwangu halikuletwa kwa utaratibu.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima ziliangukia pamoja. Machi nzima hatukupata harusi hata moja. Kuanzia Idi hadi baada ya Pasaka, Waislamu na Wakristo wote wakataka ukumbi, na wote Jumamosi. Daftari lilikuwa na majina mawili, matatu kwenye tarehe moja, yote yameshikwa kwa mdomo: "Mwenyekiti, niandikie, nitaleta." Mwenye fedha mkononi anaambiwa tarehe imekwenda, aliyeandikwa haonekani, Jumamosi inapita ukumbi umefungwa na mlinzi analipwa.

Ndipo kamati, kwa pendekezo langu, ikapitisha mwezi Mei: nusu ya malipo ndani ya siku 14, bila stakabadhi hakuna tarehe, awe mwanachama au mgeni. Punguzo la mwanachama liko palepale. Daftari jipya nililinunua kwa fedha yangu.

Imesemwa nimeuza ukumbi kwa wageni, kisa mwenzetu mmoja alikosa tarehe ya sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, Agosti. Siku zake 14 zilipita. Nilimpigia mwenyewe kabla sijaiachia, na nikamwongezea wiki ambayo kanuni hainipi. Ningemfanyia zaidi ya hapo, ningewaambia nini waliokopa ili walipe kwa wakati? Harusi haingoji, kamati imeshachapa kadi na mpishi ameshachukua kianzio chake. Tangu Mei hakuna familia zilizogongana mlangoni kwetu, na hilo nalisimamia.

Muziki kuzimwa saa 6 usiku nako si ukali wangu. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo, na majirani wana wagonjwa na watoto wa shule.

Linaloniumiza ni hili: kati ya wanachama 112, waliolipa ada ni 41. Mkutano wa Juni, ambao kianzio kingejadiliwa, haukufikia akidi. Tulikaa na katibu hadi magharibi tukiwasubiri. Kisha usiku simu ikajaa malalamiko.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kujenga vyoo vya wageni, na hali ikiruhusu, uzio. Mhazini yuko meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na atapokea ada kabla ya chakula.

Mwenyekiti