Mama, huku watu wanalipa ili wakachume

Mama shikamoo,

Hoza msomee mama taratibu na usirukeruke, nakujua ukiona ndefu unasoma mwanzo na mwisho halafu unamwambia "anawasalimia".

Sisi wazima, wajukuu zako wazima, baba Rehema mgongo umepoa. Baridi ndo inaanza, jana asubuhi nimekuta kioo cha gari kimeganda nikakikwangua kwa kadi ya benki maana kile kikwanguo watoto walikichezea sijui wamekitupa wapi.

Uliniuliza kwenye simu zile picha za Salim amekaa kwenye tela la trekta juu ya marobota ya nyasi ni za nini, kama tumeacha kazi tumerudi kulima. Nilikueleza ukacheka tu, sasa ngoja niandike vizuri. Huku Marekani, jimbo letu hili la Minnesota, ikifika mwezi wa tisa mpaka wa kumi watu wa mjini wanaenda mashambani kuchuma epo wenyewe. Yaani unaendesha gari saa zima, unafika kwa mwenye shamba, unalipa, unapewa mfuko mtupu, unaingia kuchuma, unabeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Kibarua unafanya wewe na hela unatoa wewe! Mara ya kwanza nilimwambia baba Rehema mimi siendi, nimekulia Lushoto nimechuma plamsi na peasi za watu mpaka vidole vimekuwa vyeusi, leo nimlipe mzungu anipe kazi ileile? Lakini watoto walilia, shuleni wenzao wote wameenda, basi tukaenda.

Shamba liko upande wa Stillwater, karibu na mto St. Croix, ukivuka mto uko jimbo lingine la Wisconsin. Nilitegemea kuona miti kama ule wa peasi wa marehemu babu, wa kupanda mpaka juu unaiona Soni. Mama, miti yenyewe mifupi! Imepangwa mistari imefungwa kwenye waya kama maharage ya kutambaa, Salim na miaka yake sita anafika anachuma. Wanabebesha kwenye mashina ya asili fupi ndo maana haikui, na inazaa mapema. Pale getini kuna binti anafundisha kila anayeingia namna ya kuchuma, usivute, unashika tunda kwenye kiganja unalinyanyua kwa juu huku unalizungusha kidogo, likiwa tayari linaachia lenyewe na kikonyo chake. Ukivuta kwa nguvu unang'oa na kile kijitawi kifupi ambacho ndicho kinabeba jicho la mwakani. Nikamwambia Rehema umesikia, bibi yako alikuwa anatuchapa kwa kosa hilohilo na wala hajasoma chuo. Yaliyoanguka chini huruhusiwi kuokota, wanasema swala wa huku wanapita usiku wanajisaidia, na nyigu wamejaa juu yake wamelewa ile sukari iliyochacha. Mimi roho iliniuma, epo zima limelala hapo jekundu unaliruka kama halipo.

Sasa sikia aibu yangu. Wanauza kwa mfuko siyo kwa kilo, mfuko tuliochukua unaitwa pek, unaingia karibu kilo tano. Mimi si ni mtoto wa Lushoto, nikajaza mpaka mdomoni, nikaweka tena juu, nikapanga ya pembeni yashikilie ya kati, nikavua kitambaa cha kichwa cha Rehema nikazungushia juu. Lumbesa kabisa mama! Imesimama imenyooka, naitazama nikaona hata wale wanunuzi wa Lukozi wangenipa kazi. Kufika kwenye kaunta yule mama mwenye shamba akaitazama, akacheka vizuri tu, akaniambia mfuko lazima vishikio vyake vikutane, yanayozidi ni mfuko mwingine. Akayatoa moja moja akayahesabu mbele ya foleni nzima. Baba Rehema akajifanya anaangalia maboga.

Njia nzima kurudi sikucheka, nilikuwa nawaza. Sisi gunia la viazi, la karoti, la kabichi, anayeamua limejaa ni mnunuzi, anashonea na nyavu juu, gunia moja linakuwa moja na nusu bei ileile, na lumbesa ilishapigwa marufuku kitambo lakini nani anamkatalia mwenye lori wakati karoti zimeshang'olewa zinanyauka barabarani. Yule mama yeye anakuja mnunuzi mpaka mlangoni kwake, na anayeamua mfuko umejaa ni yeye.

Lakini usidhani wana raha sana. Niliongea naye tulipokuwa tunasubiri donati (mama hayo ni maandazi tu, yametobolewa katikati na wanakandia juisi ya epo badala ya maziwa, watu wanapanga foleni kama ya sukari ya mgao). Akasema epo peke yake lisingemlisha. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga dakika kumi tu, matunda yote yakawa na vidonda, dukani hawayataki, akakamua juisi. Kinachomweka mjini, kwa maneno yetu, ni hayo maandazi, maboga, tela la trekta na watoto wa shule. Yaani hela inatoka kwenye matembezi zaidi kuliko kwenye tunda.

Epo lenyewe tulilofuata linaitwa Honeycrisp, hilo ndo mtoto wa hapahapa. Chuo Kikuu cha Minnesota walilizalisha, walichavusha mwaka 1960, baadaye mti wake ukaandikwa wa kutupwa, akaja mtafiti mmoja anaitwa David Bedford akasema hebu tuuache kwanza tuuangalie, na mwaka 1991 wakalitoa kwa wakulima. Mwaka 2006 jimbo likalifanya tunda lake rasmi. Na umbea wake sasa, kwenye daftari la chuo waliandika wazazi wake wawili, kuja kupima DNA wale wazazi wote siyo! Hata huku mambo hayo yapo. Ukiling'ata halisagiki kama epo za dukani Tanga zilizokaa melini, linapasuka kwaa, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Na ukipanda mbegu yake hupati Honeycrisp, unapata kitu kingine kabisa labda chachu, lazima kubebesha, kama machungwa ya Muheza. Kale kabibi ninakokahudumia zamu ya usiku kanaikejeli hiyo Honeycrisp, kanasema sukari tupu, epo la kupikia ni Haralson ya mwaka 1922, chachu na ngumu, unaiweka chini ya nyumba mpaka krismasi. Nikakapelekea mawili. Kakanusa moja tu, kakalishika mkononi usiku kucha, asubuhi ndo kakaniambia nikamenyee.

Haya, habari ya gulio. Gulio la huku wanaliita soko la wakulima, la St. Paul ndo langu, Jumamosi na Jumapili asubuhi, lipo tangu karne ya 19. Pale sheria yao unauza kilicholimwa hukuhuku, kwa hiyo usitafute ndizi wala embe, mimi siku ya kwanza niliuliza ndizi yule baba akaniangalia kama nimeuliza nyama ya nyangumi. Soko la Minneapolis lina wachuuzi wa jumla pia, ndizi utapata, lakini mimi napenda lile la St. Paul kwa sababu ya mama zangu wa Kihmong.

Hao Wahmong ni watu wa milimani kule Laos, walipigana upande wa Wamarekani, vita ilipoisha 1975 wakakimbia, wakakaa makambi ya Thailand, wengi wakaletwa huku kwenye theluji. Wakaendelea kulima. Ukienda lile soko nusu ya meza naona ni zao, mabibi wadogo wembamba wamevaa kofia pana, wamefunga mboga mafungu mafungu kwa mpira, na fungu lao halina udanganyifu katikati. Mama nimekuta NGOGWE. Naapa. Zile chungu zenyewe, nyingine za kijani nyingine zimeiva nyekundu, nilipiga kelele mpaka bibi akashtuka. Na mnavu, na majani machanga ya maboga pamoja na vile vikono vyake vinavyojisokota, kumbe wao nao wanakula. Wazungu wanapita wanatazama wanaenda kununua nyanya. Mimi na yule bibi lugha hatuelewani, Kiingereza chake kidogo, mimi namwonyesha kwa vidole, naye siku hizi akiniona kwa mbali anainua fungu la mnavu juu. Juzi nilimwonyesha kwa mikono namna unavyochambua vikonyo vya majani ya maboga, unavuta ule uzi, akacheka sana, akachukua moja akavuta vilevile bila kutazama.

Shida yao ni ardhi, wengi walikuwa wanakodi kwa mwaka mmoja mmoja, huwezi kupanda hata mti maana hujui mwakani utakuwa wapi. Kuna umoja wao ulianza 2011 sasa una shamba la eka 155 kusini ya mji, kaunti ya Dakota, wanagawana vipande na kuuza pamoja. Hoza hilo uliambie lile kundi lenu la karoti, mnaogombania kupiga simu kwa dalali kila mtu kivyake.

La mwisho ni miche, na hili mama usinicheke. Unakumbuka nilivyokuwa nasumbuka na mafyulisi? Mwaka 2018 nilinunua mche kwenye duka moja kubwa, muuzaji akaniambia utakubali tu, una lebo ina picha nzuri. Huku kila mmea una namba ya baridi, nchi nzima imegawanywa kwa namba, ndogo ndo baridi kali, sisi wakati ule tulikuwa 4 na lebo ilisema kuanzia 5. Mimi nilitazama picha. Mwisho wa Januari 2019 ikaja ile baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri, kope zinaganda ukipumua. Mwezi wa tano nikaukwangua gome kwa ukucha, ndo wanavyopima, ukikuta kijani mzima, nikakuta kahawia, nikashuka chini kidogo kahawia, nikashuka mpaka udongoni kahawia. Nikalia kwa ajili ya mti wa dola 30. Nikasusa.

Mwaka huu ndo nikarudi, wikiendi ya Siku ya Akina Mama, kuna mauzo ya miche yanafanywa na shule moja inaitwa Friends pale viwanja vya maonyesho vya jimbo, fikiria Nanenane lakini kila mtu anasukuma kitoroli cha miche, wengine wamekuja na mikokoteni ya watoto. Hiyo ramani ya namba waliibadilisha 2023, sasa sehemu kubwa ya mji ni 5, basi nikaenda moja kwa moja kwenye mafyulisi. Bibi mmoja mhudumu wa kujitolea akaniuliza unaishi wapi, udongo ukoje, akatikisa kichwa, akasema fyulisi huku ni kubahatisha, chukua plamsi. Akanipa miwili kwa sababu mmoja peke yake hauzai, unataka mwenzake wa kuchavusha. Mmoja unaitwa Superior, ni wa chuo hichohicho cha Honeycrisp. Wa pili mama, unaitwa Toka. Jina lake kabisa, liko kwenye lebo, Toka! Nimeupanda karibu na mlango wa nyuma. Salim kila asubuhi anasimama na kopo la maji anapiga kelele "Toka! Toka!" na jirani yetu Mkenya akadhani mtoto anafukuza paka wake.

Imeshika yote miwili. Nimeizungushia wavu wa kuku maana sungura wakati wa theluji wanatafuna gome mpaka mti unakufa, na matandazo nimeweka ila sijayagusisha shina. Nina swali, baba zile plamsi za kule bondeni alikuwa anazikata matawi mwaka wa kwanza au anaziacha? Bibi wa miche alisema nikate mwisho wa baridi, baba Rehema anasema niache, kila mmoja ana youtube yake. Wewe ndo nakuamini. Na mbegu za mnavu usinitumie tena, zile za mwisho walizichukua uwanja wa ndege, wakanisomea na karatasi.

Halafu yule dalali atakuja mwezi huu au ujao kama kawaida yake kununua plamsi zikiwa bado juu ya mti. Mwambie mwaka huu haziuzwi mtini. Nimemtumia Hoza hela ya ndoo kumi zenye mifuniko na ya kumlipa kijana wa kuzishusha mpaka Mombo, mkauze wenyewe pale stendi kwa ndoo, na ndoo ikifika ukingoni imejaa, asiweke mtu mkono juu.

Rehema anasema shikamoo bibi, na anauliza kama kweli ulikuwa unawachapa.

Mwanao.