Grafu za nguzo zianzie sifuri

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie grafu na ramani za takwimu zinazochapishwa magazetini, kwa sababu wasomaji wengi huzitazama kabla ya habari yenyewe, na wapo wasioendelea zaidi ya hapo.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini Tanzania, na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko hilo ni la takriban asilimia 37, nalo ni kubwa kiasi cha kutohitaji kutiwa chumvi. Hata hivyo, mchoraji akianzishia kipimo cha wima kwenye milioni 40 badala ya sifuri, nguzo ya 2022 itaizidi ile ya 2012 kwa zaidi ya mara nne. Tarakimu zote zitakuwa sahihi, hakuna atakayeweza kumshtaki kwa uongo, na bado msomaji ataondoka akiamini jambo ambalo halikutokea. Kwenye nguzo jicho hupima urefu, hivyo anayeikata chini amebadilisha hesabu. Grafu ya mstari naikubali ianzie juu ya sifuri, maana humo tunafuatilia mwelekeo, mradi kipimo kiandikwe waziwazi.

Ramani zina tatizo la aina yake. Mikoa ikipakwa rangi kwa idadi ya watu, Lindi, yenye zaidi ya kilometa za mraba 60,000 na watu 1,194,028 katika sensa ya 2022, hutanda kusini mwa ukurasa, ilhali Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 hubaki kidoa pwani ambacho rangi yake haisomeki. Rangi zafaa kuonyesha msongamano, yaani watu kwa kilometa ya mraba. Idadi yenyewe ichorewe miduara juu ya kila mkoa. Hapo pia pana mtego: kinachopaswa kulingana na idadi ni eneo la duara, si kipenyo, kwa kuwa kipenyo kikizidishwa mara mbili eneo huwa mara nne.

Ninaliomba dawati lako la usanifu liandike idadi juu ya kila nguzo, litaje chanzo cha takwimu chini ya mchoro, na liache kutenganisha makundi kwa nyekundu na kijani pekee, kwani kwenye kurasa zisizo na rangi, zote mbili huweza kutoka kijivu kinachokaribiana.

Mwalimu wa hisabati,
Morogoro