Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Walezi wa Watoto, Mbagala

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia utepe.

Ule utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono wa mtoto, kujua kama ana utapiamlo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii alitufundisha kuutumia, na wengi wetu tukauweka kabatini. Mmoja wetu hakuuweka. Mwezi wa nne alipokea mtoto wa miezi 14, mama yake anauza maandazi Rangi Tatu na hutoka nyumbani saa kumi alfajiri. Mtoto halii, hachezi, ukimweka mkekani unamkuta pale pale. Tuseme kweli, mtoto wa hivyo tunampenda: "huyu hasumbui". Mwenzetu akampima. Njano, sentimita 12: utapiamlo, ingawa bado si ule mkali wa rangi nyekundu.

Hakumgombeza mama. Jioni alimkaribisha kigodani, akamuuliza mtoto amekula nini tangu jana. Chai ya rangi na andazi, tena kwa mkono wa dada yake wa miaka 8. Kesho yake wakaenda kliniki pamoja. Kadi ilikuwa haijaandikwa kitu tangu chanjo ya surua ya miezi 9. Tangu hapo uji wake ukawekwa karanga na dagaa wa kusaga, na mlezi akawa anamsemesha kutwa hata anapoosha vyombo. Mwezi wa saba utepe ukasoma kijani. Sasa anasumbua, alhamdulillahi.

Bado wapo wanaosema kazi yetu ni kushikia watu watoto. Nesi anamwona mtoto dakika chache kwa mwezi, sisi tunaye kuanzia alfajiri hadi jioni. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wengine wamelala kwenye mikeka yetu mchana huu. Programu ya taifa ya malezi na makuzi, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja afya, lishe, malezi yenye mwitikio (kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Lipi hapo halipiti mikononi mwetu?

Usajili wa vituo vyetu umetushinda mwaka huu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inautaka, na maombi yetu yamezungushwa meza hadi meza. Lakini nilipopita kuwatembelea nilikuta jiko la mkaa likiwaka chumba kile kile walicholala watoto. Hilo tusimsingizie afisa yeyote.

La mwisho ni madeni. Mwenzetu mmoja alimrudisha mtoto mlangoni kwa deni la siku nne. Namwelewa, naye ana kodi ya kulipa. Ila mtoto yule alirudi kwa dada yake, na dada siku hiyo hakwenda shule. Napendekeza kila mwanachama achange shilingi 500 kwa wiki, tuwe na mfuko wa kumfidia mlezi pale mama wa mtoto anapokwama kulipa. Wadaiwa sugu watajipenyeza humo, najua. Naomba tulijadili kabla ya chai.