Matobolwa si michembe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nieleze jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, ila hapa nyumbani kwangu Isevya, mjini Tabora, limetukalisha barazani wiki nzima. Mjukuu wangu wa darasa la sita alipewa insha ya kueleza chakula anachokipenda kuliko vyote, naye akaandika kuhusu matobolwa. Daftari lilirudi likiwa na mistari ya kalamu nyekundu juu ya neno hilo kila lilipotokea, mara saba kwa hesabu yake mwenyewe, na pembeni mwalimu ameandika: "Tumia Kiswahili sanifu: viazi vitamu vilivyokaushwa."

Sitaitaja shule, wala sina ugomvi na mwalimu, kwa sababu nami nilishika chaki kwa miaka mingi na ninajua jinsi rundo la madaftari linavyomchosha mtu ifikapo saa nne za usiku. Ninacholalamikia ni kwamba sahihisho lenyewe lina kosa, na kosa hilo halikuwamo katika insha ya mtoto.

Msomaji asiyetoka huku aniruhusu nieleze. Unyamwezini na Usukumani viazi vitamu hukaushwa kwa njia mbili, na kila njia ina jina lake. Mama yangu alikuwa akichemsha viazi mpaka viive, akavimenya vingali na mvuke huku akipuliza vidole, akavikata vipande vinene na kuvianika juani siku kadhaa, mpaka vikageuka rangi na kuwa vigumu huku vikibaki na utamu ndani. Hayo ndiyo matobolwa. Siku nyingine alimenya viazi vibichi, akavikata vyembamba, akavianika vivyo hivyo bila kupita motoni. Hiyo ndiyo michembe. Matobolwa yameshaiva, kwa hiyo mchungaji huyatia mfukoni asubuhi na kuyatafuna porini akiwa na ng'ombe, na nyumbani hulainishwa kwa maji ya moto yakaliwa na chai au maziwa ya mgando. Michembe haijaiva, ni lazima irudi chunguni, na sisi huipenda zaidi ikipondwa na kutiwa karanga zilizosagwa. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Mwalimu alipoliondoa neno moja na kuweka maneno matatu, msomaji wa insha ile aliachwa asijue mtoto anapenda kipi kati ya hivyo viwili.

Hili nimelipata hasara mwenyewe. Mwaka juzi mpwa wangu aliye chuoni Dar es Salaam alinipigia simu akasema, "Mjomba, niletee vile viazi vikavu vya nyumbani, nimevikumbuka sana." Sikumwuliza ni vipi. Nilimtumia kwa basi nusu debe la michembe, maana ndiyo iliyokuwamo ghalani. Mzigo ulimfikia usiku akiwa na njaa, naye akatia kipande mdomoni moja kwa moja, kama alivyozoea kufanya na matobolwa ya bibi yake. Kesho yake alipiga simu tena, na sauti haikuwa ya shukrani. Aliniuliza kama nilitaka kumvunja meno.

Najua nitajibiwa kwamba matobolwa ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma, wala si la Kiswahili. Kwa asili ni kweli. Lakini Kiswahili tunachokiita sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, na kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliyoanza kukisanifu mwaka 1930 haikuwa na sababu ya kutafuta jina la chakula ambacho Unguja hakipikwi. Ni halali kwamba kamati haikuliona. Si halali kwamba kwa sababu hiyo mtoto wa Tabora ajifunze kuwa anachokula kwao hakina jina. Kiswahili hakikufika hapa jana. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, na watu wetu wamekuwa wakiongea lugha hii sokoni kabla hata ya reli kufika hapa mwaka 1912. Kwa muda wote huo wameuza matobolwa kwa jina la matobolwa, na wanunuzi wa kila kabila wameelewa.

Nimeitaja reli kwa sababu ndiyo iliyoniletea mke. Nilipangiwa kazi Kigoma nikiwa kijana, nikaoa Ujiji, na tangu hapo nyumba yangu imekuwa na kamusi mbili za jikoni. Mimi nilikua nikijua kwamba majani ya muhogo yakipikwa huitwa kisamvu. Mke wangu alikua akijua kwamba huitwa sombe, kama wanavyosema pia watu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na kama Warundi na Wanyarwanda wanavyosema isombe. Miaka ya kwanza ya ndoa tulidhani tunatofautiana kwa neno tu. Kisha mama mkwe akaja kututembelea. Alishuka kwenye treni na kidumu cha lita tano cha mawese alichokifunga kwa kipande cha kanga, na jioni ile ile jirani yetu, mama mmoja mwenyeji wa Tanga, akatuletea bakuli la kisamvu kilichoungwa kwa tui zito la nazi. Mama mkwe alionja, akatulia, akaonja tena, kisha akaweka kijiko chini taratibu na kuniambia, "Baba, hiki ni kizuri, lakini usiniambie ni sombe."

Hakuwa akibishana nami kuhusu lugha. Kwake sombe ni majani yaliyotwangwa kwenye kinu, yakachemshwa muda mrefu, yakatiwa mawese mpaka mchuzi ukaota macho mekundu juu. Ukiondoa mawese ukatia nazi, umepika kitu kingine, na kitu kingine kina haki ya jina lingine. Tangu siku ile maneno hayo mawili yamegawana kazi nyumbani kwangu: mke wangu akisema leo ni sombe, watoto wanajua kidumu kimefunguliwa; akisema ni kisamvu, wanajua nimetumwa kununua nazi. Sidai kwamba Kigoma nzima inatofautisha hivyo, wala kwamba Tanga watakubali. Nasema tu kwamba katika familia yetu tofauti hiyo ipo na ina maana, na kamusi inayosema "sombe, tazama kisamvu" itakuwa imesema nusu ya habari.

Kwenye unga wa muhogo jambo hili linavuka mipaka ya ladha, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Ugali wa muhogo ndio ugali wa nyumbani kwa watu wengi wa Kigoma, ndio wanaoukumbuka wakiwa ugenini pamoja na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, au dagaa. Sokoni leo utakuta mfuko umeandikwa "unga wa muhogo", basi. Mama mkwe haununui kabla ya kuuliza ni unga wa nini. Muhogo uliomenywa, ukapasuliwa na kuanikwa tu ni makopa. Muhogo uliorundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka ukaota ukungu, kisha ukungu ukakwanguliwa na muhogo ukaanikwa, ni udaga. Uliolowekwa majini mpaka ukalainika ndipo ukaanikwa ni kivunde, na jina lenyewe linakueleza kwamba limetokana na kuvunda. (Harufu ya ugali wa udaga imewahi kumfukuza mezani mgeni wangu mmoja, mke wangu alimwonea huruma kwa kukosa malezi.)

Majina hayo matatu hayakuwekwa kwa ajili ya mapambo. Muhogo mtamu unaweza kuliwa hata ukiwa umeanikwa tu. Muhogo mchungu una kemikali zinazozalisha sumu ya sianidi, na ni kule kurundika au kuloweka, pamoja na kukausha sawasawa, ndiko kunakoipunguza. Mwaka 1985, baada ya ukame, ugonjwa wa kupooza miguu unaoitwa konzo ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara, miongoni mwa watu waliokuwa wakitegemea muhogo mchungu ambao, kwa shida ya njaa, ulisindikwa kwa haraka kuliko ilivyo desturi. Jina konzo nalo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Mpishi anayeambiwa "udaga" ameshaambiwa kwamba muhogo huu umerundikwa. Mpishi anayeambiwa "unga wa muhogo" hajaambiwa kitu.

Sitaki kupita kiasi. Yapo majina mengi ambayo ni tofauti za mdomo tu, na hakuna siri yoyote ya mapishi ndani yake. Wali uliogandia chini ya sufuria mimi nauita ukoko, na jirani yetu wa Tanga anauita utandu. Wajukuu wanaugombea kwa majina yote mawili na hakuna anayeshiba zaidi kwa kujua jina la pili. Chakula kilicholala ni kiporo kwetu, ni mwiku au bariyo kwa watu wa pwani. Kalimati za Unguja ni kaimati za Mombasa. Mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja ni makande kwetu, wengine pwani watasema pure, na Mkenya atasema githeri. Hapa ningekubali mhariri achague neno moja kwa ajili ya wepesi wa kuchapa, ingawa sioni linamgharimu nini kuacha mengine yapite.

Halafu yapo majina ambayo hayavuki kizingiti cha nyumba moja, na hayo ndiyo yanayonigusa zaidi. Mama yangu alikuwa akipika uji wa mtama, akautia karanga zilizosagwa na asali ya Sikonge, na kumpa mtoto aliyekuwa akiinuka kutoka kwenye malaria, pale homa imeshuka lakini mdomo bado mchungu na hakuna kinachopita. Sisi watoto wake tuliuita uji wa homa. Nakumbuka kata aliyoutekea, iliyokuwa imepasuka ukingoni na kushonwa kwa uzi, na jinsi alivyoipeleka chini kabisa ya chungu ili karanga zilizotuama zimfikie mgonjwa. Leo sisi ndugu ni wazee, tumetawanyika kutoka Urambo hadi Mwanza, na bado tukikutana mmoja wetu atasema, "Leo tupikiwe uji wa homa." Mke wangu aliposikia hivyo mara ya kwanza alitoka jikoni ameshika mwiko, akauliza nani anaumwa. Sitegemei kamusi yoyote iandike jina hilo, na sitamwomba mwalimu yeyote alikubali kwenye mtihani. Lakini mjukuu wangu akiliandika kwenye insha na kueleza maana yake, ningetaka apewe alama kwa sababu ya jina hilo.

Kwa hiyo, mhariri, ombi langu lina sehemu mbili. Gazeti lako lina ukurasa wa mapishi. Mama wa Kasulu au wa Nzega anapokutumieni pishi, naomba mliache jina alilolitumia yeye, na mbele yake mweleze kwa maneno machache chakula hicho kinatengenezwaje; msilibadilishe kuwa jina ambalo mnadhani Dar es Salaam watalielewa upesi. Walimu nao, ambao najua wanalisoma gazeti hili kwa sababu shuleni ndiko nilikoanza kulisoma, wanaweza kumfundisha mtoto kufafanua mara moja tu mwanzoni mwa insha: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Baada ya hapo aendelee na neno lake mpaka mwisho wa ukurasa. Hilo pia ni somo la uandishi, na kwa maoni yangu ni gumu na la maana kuliko kukata neno.

Mjukuu wangu ameiandika upya insha yake kwa mtindo huo. Tunasubiri daftari lirudi. Na mpwa wangu wa Dar es Salaam, ambaye mwaka huu anamaliza chuo, ameniagiza tena mzigo wa nyumbani. Safari hii hakupiga simu, alituma ujumbe wenye neno moja, MATOBOLWA, kwa herufi kubwa zote.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora.