Mashimo ya mboji si mabwawa ya perege

Mhariri,

Wakata mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, wakishaondoka katika vinamasi vya Rwanda na Burundi, hubaki mashimo yaliyojaa maji, na ushauri unaosikika upesi ni huu: mwaga chokaa, pandikiza perege. Tunaupinga.

Maji hayo, meusi kama chai ya rangi, mara nyingi yana tindikali. Pima kwanza. Perege hustawi pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi) ikiwa kati ya 6.5 na 9. Ikikaribia 4 anakufa. Chokaa hupandisha pH kwa muda tu, maana kuta na sakafu ni mboji tupu. Tena huwachangamsha bakteria wanaoiozesha. Nao humaliza oksijeni, na alfajiri samaki wote wako juu wanahema.

Badala yake, shimo liachwe liwe kidimbwi cha viumbe wa kinamasi. La kwanza ni kuzuia maji yasitoroke. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, kilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, Ziwa Burera linalopokea maji yake lilipungua na mitambo ya umeme ya Ntaruka ikakosa maji. Kwa hiyo tafuta mfereji uliotumika kukaushia shimo, uuzibe kwa mboji mbichi iliyochimbwa chini. Ile ya juu usiitumie: mboji ikikauka kabisa hainywi tena maji, na tuta lake litavuja. Lizamishe tuta sentimita 50 ndani ya kila ukingo, ulishindilie, na ulipandishe kupita usawa wa ardhi kwa sababu litadidimia. Mfereji ukiwa na mteremko, weka jingine kila maji yanaposhuka sentimita 20 hadi 30. Sakafuni ibaki mboji ya nusu mita. Ukifika kwenye mchanga, maji yatapotelea chini.

Kuta zilizokatwa kwa sepeto zimesimama wima. Mtoto au ndama akitumbukia hana pa kushika. Chonga upande mmoja uteremke taratibu, mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kina. Hapo kwenye maji ya kina kifupi ndipo vyura hutaga, na ndipo lava (buu) wa kerengende hupanda shina la nyasi, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka na mabawa yaliyokunjamana.

Mafunjo yakiachwa hufunika kidimbwi chote. Fyeka theluthi moja kila kiangazi, baada ya kukagua viota. Yaache ukingoni siku moja ili wadudu warudi majini, kisha yapeleke mbali. Yakiozea hapo yanarutubisha maji na mwani unatanda.

Hofu ya mbu ina msingi, ila mbu wa malaria hupenda zaidi vidimbwi vidogo vilivyo juani, hasa nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Zungushia uzio, mifugo inyweshwe pembeni.

Tunaomba wanaotoa vibali waweke sharti: mkataji asiondoke kabla ya kuziba mfereji wake na kuchonga ukingo mmoja. Kazi hiyo ni nyepesi vibarua wakiwa bado shimoni na sepeto zao.

Watunza vinamasi,
Maziwa Makuu