Funga yako haikuharibika

Mwanjelwa, Mbeya

Dada yangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata. Kilichoniuma ni kwamba ulishinda na njaa kutwa nzima ukiamini funga imeshabatilika, kisa adhana ya Alfajiri iliwakuta wewe na mumeo hamjaoga janaba, yaani josho linalopasa baada ya tendo la ndoa. Funga yako ni sahihi, wala usiilipe siku hiyo. Bibi Aisha na Bibi Umm Salama, wake wa Mtume (s.a.w.), wamesimulia kwamba alikuwa akipambazukiwa na janaba kutokana na wakeze, kisha akaoga na kufunga. Janaba haizuii funga, inazuia sala. Cha kuhofia ni jua lisichomoze hujaswali.

Najua baridi ya Mafinga alfajiri, na hapa Mbeya pia tunayo. Lakini maadamu maji yapo na jiko la kuyapasha lipo, baridi haikuruhusu kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Yachemshe mapema, uyaweke kwenye chupa ya chai, wakati wa daku uyachanganye na ya baridi. Nywele ulizosuka usizifumue. Umm Salama aliuliza hilohilo, akaambiwa inamtosha kumimina maji kichwani mara tatu. Hakikisha tu yanafika kwenye mashina.

Na usiku wenu ni halali yenu. Mwanzoni Waislamu walikuwa wakizuiwa usiku pia, ikawa nzito kwao, ndipo ikateremka aya ya 187 ya Sura al-Baqara: wake ni vazi kwa waume na waume ni vazi kwa wake, basi kuleni, kunyweni na kutaneni mpaka alfajiri ibainike. Ikiingia mkiwa pamoja, mnaachana papo hapo na funga inabaki. Kuendelea hata kidogo kwa makusudi ni jambo jingine kabisa.

Sasa hilo la shemeji kurudi na lori kutoka Tunduma mchana, hakufunga kwa sababu ya safari, akakutaka. Hapa nakuomba usimame imara. Ruhusa ya msafiri ni yake, haikufuniki wewe uliye nyumbani na funga ya faradhi. Utiifu kwa mume hauingii katika kumuasi Mwenyezi Mungu. Mwambie kwa upole asubiri Magharibi, na umwambie mapema kwa simu akiwa bado njiani, maana mlangoni maneno huwa magumu. Ninamfahamu, ni mwelewa.

Kubusu peke yake hakubatilishi. Bibi Aisha amesema Mtume alikuwa akibusu naye amefunga, lakini akaongeza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyamiliki matamanio yake kuliko wote. Nyinyi bado ni wapya katika ndoa! Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wanamkataza asiyejiamini, kwa sababu manii yakitoka kwa kubusu au kukumbatiana, funga imekwenda na siku inalipwa.

Mkikutana kwa makusudi mchana wa Ramadhani, nyote mkiwa mmefunga, ni dhambi. Mnatubu, mnajizuia mpaka jioni na mnailipa siku ile. Juu yake kuna kafara: kuacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo, kisha kufunga miezi miwili mfululizo, na asiyeweza kabisa, kulisha masikini 60, kila mmoja kibaba cha chakula cha kwenu. Kwa Shafii kafara ni ya mume. Madhehebu ya Hanafi na Maliki yanamtwisha na mke aliyeridhia.

Hata hivyo, tazama Mtume alivyompokea aliyefanya hivyo. Mtu yule alikuja akisema ameangamia. Akaulizwa kuhusu mtumwa, hana. Miezi miwili, hawezi. Masikini 60, hana cha kuwalisha. Likaletwa kapu la tende, akaambiwa akatoe sadaka. Akasema mji mzima hakuna nyumba fukara kuliko yake. Mtume akacheka mpaka meno yake ya chonge yakaonekana, akamwambia akawalishe watu wa nyumbani kwake. Hakukemewa mbele za watu. Kwa hiyo swali kama lako usilifiche tena kwa aibu. Wanawake wa Madina walimuuliza Mtume mwenyewe.

Yule jirani aliyekuambia siku yako imeharibika mweleze naye, huenda amekuwa akilipa siku asizodaiwa. Na hesabu ya siku zako za hedhi uanze kuilipa baada ya Idi, usisubiri Shaabani, mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani.

Nisalimie mama mkwe na shemeji.

Wako katika imani,
Dada yako wa Mwanjelwa