Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Zanzibar: shusheni umri wa Pensheni Jamii

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Nakuandikia kutoka Kiuyu, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mama yangu ana miaka 63. Tangu nikiwa mdogo anafuata bamvua: maji yakitoka, anashuka pwani na kamba zake, anafunga mbegu za mwani kwa taitai, vile vikamba vidogo, na hainuki mpaka maji yarudi. Hajawahi kuajiriwa, kwa hiyo hana kiinua mgongo. Pensheni Jamii, fedha ambayo Serikali huwapa wazee kila mwezi, ataipata akitimiza 70. Hiyo miaka saba iliyobaki ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Barazani kwetu, baada ya sala ya isha, siku hizi watu wanabishana kuhusu fedha ya kila mtu. Kijana mmoja alileta habari ya Andrew Yang, Mmarekani aliyewania tiketi ya chama cha Democratic kwa uchaguzi wa urais wa 2020. Aliahidi dola 1,000 kila mwezi kwa kila raia mtu mzima, tajiri na maskini sawasawa, bila kuulizwa ana kazi au hana. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine zinakula kazi za watu, hasa madereva wa malori, na sehemu ya gharama ingetoka kwenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10. Alijitoa Februari 2020.

Wazee wakamjibu kijana kuwa fedha isiyotolewa jasho inaleta uvivu. Nawaheshimu, lakini hapo sikubaliani nao, na ushahidi ninao karibu. Jirani yetu amepita miaka 75, anapokea pensheni yake, na asubuhi bado utamkuta kwenye muhogo wake anapalilia. Fedha ile ni dawa ya presha, ni nauli ya kwenda Wete, ni daftari la mjukuu. Kubwa zaidi, haombi. Mzee asiyeomba hukaa barazani kwa namna nyengine kabisa, na mkwewe humsikiliza.

Mheshimiwa, jambo hili sisi tulikwishalianza. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumpa kila Mzanzibari mwenye miaka 70 na zaidi Sh 20,000 kwa mwezi, kutoka hazina yetu wenyewe. Baadaye ikapandishwa hadi Sh 50,000. Hakuna anayeulizwa kama alikuwa mwalimu, mvuvi au mchumaji wa karafuu. Hakuna anayekuja kuchungulia jikoni. Nimeona mipango ya kuchuja kaya maskini inavyofanya: nyumba mbili zenye makuti yaleyale, moja imeandikwa, ya pili imeachwa, na wenyewe hawaingiliani tena hata kwenye msiba. Pensheni Jamii haijatuletea ugomvi huo, kwa sababu umri haumpendelei mtu.

Siombi ahadi ya Yang. Sensa ya 2022 ilituhesabu 1,889,773. Kumpa kila mmoja wetu Sh 50,000 ni zaidi ya bilioni 94 kwa mwezi, zaidi ya trilioni 1.1 kwa mwaka. Naielewa hesabu hiyo. Ninachoomba ni umri ushuke kutoka 70 hadi 65, kisha 60, bila kuweka kichujio chochote cha umaskini, na bila kumnyang'anya mtu msaada mwengine anaoupata.

Yang alihofia mashine. Huku kwetu kazi inaliwa na joto la bahari. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa maji ya ufukweni yakipata moto, na wanawake wengi wamebaki na spinosamu ambao kilo yake haina thamani. Wanaambiwa kotonii utastawi kwenye kina kirefu. Inawezekana, lakini kina kirefu kinataka ngalawa na mtu anayejua kuogelea. Mama yangu hajui kuogelea, na kwa umri wake sitaki aanze kujifunza kwa sababu ya njaa.

Fedha itatoka wapi? Anzeni na utalii. Wageni wanakuja kwa ajili ya bahari hii hii, na mahoteli yanalipa ushuru kwa ajili yao. Sehemu maalumu ya ushuru huo itengwe kwa sheria, isimame peke yake, iwafuate wazee wa Unguja na Pemba kila mwezi.

Kabla ya bajeti ijayo, nakuomba upeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi hesabu mbili: wenye miaka 60 hadi 69 ni wangapi katika kila shehia, na kuwalipa kutagharimu kiasi gani. Masheha wanawajua watu wao kwa majina. Na ukipata nafasi, njoo Kiuyu siku ya bamvua, mapema, kabla maji hayajarudi. Mama atakuwa pwani.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mkulima wa mwani, Kiuyu, Pemba